Mawe Yasiyotaka Mvua

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka Kampala na zawadi ndani ya kopo la plastiki. Aliiweka mezani huku akitabasamu, akanitazama aone nitasema nini. Ndani ya kopo kulikuwa na kokoto, na katikati ya kokoto vijiwe viwili vya rangi ya majivu, kila kimoja kimegawanyika katikati kama ukwato wa mbuzi. "Mama, gusa, haiko jiwe," aliniambia. Sikugusa. Nilimwambia alipeleke lile kopo chumbani kwake, nyuma ya pazia, na asimwonyeshe mgeni yeyote anayeingia hapa kwetu Rwambuzi, Bunia. Alidhani natania. Wewe rafiki yangu unayesoma, kaa vizuri nikueleze, maana yeye mwenyewe bado sijapata namna ya kumweleza.

Nilikulia Saio, mtaa mwingine wa mji huu huu, kwa bibi mzaa mama. Wazazi wangu walikuwa Mongbwalu, baba akifanya kazi ya dhahabu, na mimi niliachwa Bunia kwa sababu ya shule. Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea ukingoni, wakati ambapo asubuhi tuliimba mbele ya bendera kabla ya kuingia darasani, na Jumamosi watu wazima walitoka na majembe na mapanga kwenda salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Nyumba ya bibi ilikuwa ya matofali ya udongo, bati juu, na baraza iliyotazama milima. Nilifagia uwanja kabla jua halijapata nguvu, nikachota maji chemchemini, nikaomba kaa la moto kwa jirani au yeye akaja kuliomba kwetu, kutegemea nani aliyeamka kwanza. Kisha tulikunywa chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha. Mpaka leo harufu ya mchaichai ikinipitia puani nasikia na ufagio wa vijiti ukikwaruza ardhi kavu.

Bibi alikuwa mfupi, mkavu, mwepesi wa miguu, na kwa usafi hakuwa na dogo. Alikuwa amefua na kupiga pasi nguo za watawa, masera kama tulivyowaita, tangu mama yangu akiwa mtoto mgongoni. Katika watawa wale alikuwapo mmoja mzee aliyesimamia bustani, mwenye kofia ya majani na magoti mabovu. Alikuwa ameletewa mbegu kutoka kusini kabisa mwa Afrika, kule kwenye jangwa, na kwa mbegu zile alikuwa amekuza mimea inayojifanya mawe. Magoti yalipomshinda ikabidi arudi kwao Ulaya. Nguo zake aliwapa masikini, vitabu aliwaachia wenzake, na mawe yake alimpa bibi, ndani ya beseni la bati lililotobolewa matundu chini kwa msumari.

Ukiyaona mara ya kwanza usingeyadhania chochote. Mawe ya kijivu, mengine ya rangi ya kahawia yenye michirizi, mengine ya kijani kilichofifia, yote yamekaa kimya ndani ya kokoto za kweli hata jicho likashindwa kutenganisha. Watoto wenzangu walikuja barazani kushindana nani atalipata lililo hai. Bibi aliwaruhusu kutazama, lakini aliyenyoosha kidole, kidole chake kilichapwa. Mwisho wa mwaka, kila jiwe lilitoa ua moja katika ule mpasuko, jeupe au la njano, kubwa kuliko jiwe lenyewe. Lilifunguka mchana jua likiwa kali na kujifunga jioni. Bibi, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mbele ya padri wala mbele ya shefu wa mtaa, alicheka mbele ya maua yale.

Kazi ya kuyatunza ilikuwa zaidi kazi ya kujizuia. Mchanga tuliutoa mto Shari, tukauosha mpaka maji yakatoka safi, tukauchanganya na kokoto na makaa yaliyopondwa. Maji yalitiwa kwa kijiko, pembeni, na si kabla ngozi ya jiwe haijaanza kukunjamana. "Hii haikufake na njaa," bibi aliniambia kila nilipoyaonea huruma. "Inakufa na huruma." Halafu ulikuwapo ule wakati ambao mimi niliuogopa. Baada ya ua kunyauka, jiwe lilipasuka zaidi, na ndani ya ufa likaanza kuchungulia jiwe jipya, dogo, laini, lililonona. Kadiri la ndani lilivyonenepa, la nje lilisinyaa, mpaka likabaki ganda kavu linalopeperuka kwa pumzi. "Mutoto anakunywa mama yake," bibi alisema. "Weye usimuletee kikombe ingine." Tone moja tu wakati ule, la zamani lingekataa kukauka, na yote mawili yangeoza. Nilikuwa nikikaa darasani wakati wa hesabu na kuwaza yale mawe yakinywana pale barazani, kimyakimya, hakuna anayeyaona.

Tatizo letu ni kwamba Bunia haikosi mvua. Mvua yetu inakuja kutoka milimani na upepo mbele yake, na mtu akisikia tone la kwanza likigonga bati, amekwisha kuchelewa. Watoto wa nyumba nyingine walikimbilia nguo kwenye kamba na muhogo kwenye jamvi. Mimi nilikimbilia beseni. Bibi alisimama uwanjani, akanusa, akasema neno moja tu, "Wingu," nami popote nilipokuwa niliacha nilichoshika, nikalibeba lile beseni kifuani na kuliingiza ndani, chini ya kitanda chake. Nguo zetu zililowa mara nyingi. Mawe hayakulowa hata mara moja.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo kila mtu wa huku analijua, ingawa shuleni hatukufundishwa. Katika vijiji vya milimani zilikuwapo nyumba zilizoshika mvua. Mvua yao ilikaa ndani ya chungu, katika mawe madogo laini ambayo baba alimwachia mtoto wake. Mwenye mawe akiyalowesha, mawingu yalikuja. Akiyaweka makavu, mbali na maji, mbingu zilifungwa. Watu walimletea pombe na mbuzi kwa heshima kubwa, na mvua ikichelewa sana, heshima ile ile iligeuka sura. Nilipokuwa mdogo ilisimuliwa habari ya mzee mmoja huko juu ambaye nyumba yake ilichomwa moto mchana kweupe, mwenyewe akiwa ndani. Waliobeba majani ya kuwashia walikuwa wapwa zake. Habari ile ilisimuliwa bila kupandisha sauti, kama mtu anavyoeleza ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa.

Sasa mtazame bibi yangu kwa macho ya mtaa. Mwanamke mzee, mjane, aliyezaliwa upande wa Djugu, huko huko milimani. Ana beseni la mawe ambayo si mawe. Anayakausha. Na wingu likitokea tu mlimani, anatoa neno moja, na mjukuu wake anakimbia kuyaficha yasilowe. Kama nyumba ya kwao ilishika mvua zamani au haikushika, mimi sikuambiwa hata siku moja, na nilipouliza nilitumwa kuosha sufuria.

Jirani yetu, yule wa kuombana moto, alikuwa rafiki wa damu wa bibi. Alikuwa mnene, mcheshi, mjane naye, mwenye shamba la maharagwe kwenye mteremko nje ya mtaa. Kati ya nyumba zetu kulikuwa na ua wa minyaa wenye pengo lililokwanguliwa na miguu yao wawili. Chumvi ilipita pale, na moto, na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, lililofunikwa kwa jani la ndizi, na umbea wa soko lote. Mchana mmoja bibi alitaka kumringia. Alichuma kifuko kilichokauka cha mojawapo ya mawe, kile kinachobeba mbegu, akakiweka kiganjani na kukidondoshea tone la maji. Kikafunguka polepole, pande zote, mbegu zikaonekana ndani kama vumbi. "Eh, mama," jirani alisema. "Inafungua kinywa." Alicheka, na bibi akacheka, ila niliona jirani amevuta kiti chake nyuma.

Mwaka uliogeuza mambo nilikuwa darasa la nne. Kiangazi kiliisha kwenye kalenda lakini juu ya vichwa vyetu hakikuisha. Manyunyu machache ya mwanzo yaliwadanganya watu wakapanda, halafu anga likafunga. Moshi wa nyasi zilizochomwa milimani ulikaa juu ya mji, jua likawa jekundu tangu saa nne. Ng'ombe walipita barabarani mbavu nje. Samaki wa Kasenyi, kule ziwani, walifika sokoni wakiwa wamefunikwa vumbi hata ukatafuna mchanga na mchuzi. Chemchemi yetu, iliyokuwa ikibubujika, ikawa inadondoka, na wanawake wakaanza kupanga ndoo mstari mrefu na kugombania nafasi. Maharagwe ya jirani yaliota, yakasimama kidogo, yakalala. Alipanda tena mbegu alizokuwa ameziweka kwa kula.

Kisha likaja wingu. Lilikuwa kubwa, jeusi, likashuka milimani na harufu yake ya udongo uliolowa mbali. Mtaa mzima ulitoka nje. Wanawake waliweka mabeseni chini ya michirizi ya bati, wanaume wakasimama na mashati wazi vifuani. Bibi naye alisimama uwanjani, akanusa, na kwa mazoea ya miaka yote akasema, "Wingu." Nililibeba beseni nikaingia nalo ndani. Nikasikia upepo, nikasikia matone machache yakigonga bati juu yangu, halafu kimya. Nilipotoka, wingu lilikuwa linaelekea upande wa ziwa. Jirani alikuwa amesimama kwenye pengo la minyaa, mikono kichwani. Hakuwa anatazama wingu. Alikuwa anatazama mlango niliotokea.

Wingu la pili lilipokuja, bibi hakusema neno. Alinitazama tu, nami nikaelewa, nikalibeba. Yale mawe yalikuwa katikati ya kubadilisha mwili, ganda la nje limeanza kulegea, na hakuna wakati mbaya zaidi wa kunyeshewa. Wingu lile nalo likapita.

Tangu hapo moto haukuombwa tena. Asubuhi nilisikia jirani akipasua njiti za kiberiti, moja baada ya nyingine, kwa kuni zilizokuwa kavu kabisa. Salongo ilipofika mbele ya nyumba yetu, wanaume waliokuwa wakipiga soga walinyamaza wakalima kwa kasi, wakasogea. Nilimweleza mwalimu wangu, mtu aliyesoma Kisangani, anayevaa abakosi safi, lile koti lisilo na tai, na kalamu mfukoni. Alinisikiliza vizuri. Alisema kuna mimea mingi ya ajabu duniani, na watu wanapaswa kuacha ujinga. Nilifurahi sana. Nilipofika mlangoni aliniita. "Bibi yako," aliuliza, "kule Djugu ni wa upande gani?"

Halafu vikaanza vyombo. Asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta langoni kikombe cha maji, kimewekwa katikati ya njia, hakuna mtu. Kesho yake kulikuwa na kibuyu, na sufuria ndogo, na kopo la maziwa lililooshwa. Katika ukame ule, ambapo watu walipigania ndoo, walikuwa wanatuletea maji. Ilikuwa namna yao ya kumwomba kwa adabu: maji haya hapa, loweka. Bibi aliinua kila chombo, akamwagilia mboga yake ya lengalenga, akavirudisha vyombo langoni vikiwa vimefunikwa, visafi. Nilimwona jirani akitazama lengalenga yetu jinsi ilivyokuwa ya kijani. Nilitamani bibi aache, nilitamani ayanywe yale maji, ayamwage, afanye lolote jingine. Lakini yeye hasira yake ilikuwa ya kimya, na haikukubali ushauri.

"Mimi minafua nguo ya masera maisha yangu yote," aliniambia tukichambua maharagwe. "Niko mukristu. Sitaficha maua yangu juu ya maneno ya batu."

Walikuja mchana, baada ya chakula. Shefu wa mtaa mbele, wazee wawili watatu nyuma yake, na jirani. Waliketi barazani kwa heshima zote, wakauliza habari za mama yangu na za baba, wakakubali maji ya kunywa na kila mmoja akaonja kidogo tu. Beseni lilikuwa pale pale, mbele ya miguu yao. Niliketi mlangoni.

"Mama muzee," shefu alianza, "siye hatukuye kwa kugombana na weye. Batu banalia. Tunaomba tu utie mayi mu ile majiwe."

"Haiko majiwe, iko maua," bibi alisema. "Na saa hii inabadilisha mwili. Nikitia mayi itakufa yote."

"Basi ikufe, ndugu yangu," jirani alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kubembeleza. "Bora ikufe yenyewe."

Bibi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Na mvula isipokuya?"

Mzee mmoja alirudisha kikombe chake chini.

"Na ikikuya?"

Miaka mingi nilifikiri swali la kwanza ndilo lililokuwa la hatari, maana mvua isipokuja wangesema ana mawe mengine kaficha. Nimezeeka ndipo nikaona kwamba bibi aliogopa zaidi la pili. Shefu alisimama, akajikung'uta suruali, akasema kwa upole kwamba mtaa utangoja mpaka siku ya Mungu, Jumapili. Hakusema baada ya hapo itakuwaje. Habari ya yule mzee wa milimani sote tuliijua.

Nadhani bibi angengoja nao. Angekaa pale na rozari yake na mgongo wake ulionyooka mpaka walete walichotaka kuleta. Lakini kesho yake nilikwenda chemchemini, nikasimama kwenye mstari tangu asubuhi, na ndoo yangu ilipokaribia kujaa, mwanamke mmoja ambaye bibi alimzalisha mtoto wake wa kwanza alinishika mkono. Hakunipiga. Aliinamisha ndoo taratibu, maji yakarudi mchangani, na wengine wakatazama. "Enda mwambie nyanya yako," alisema, "kiu itafika na kwenu." Nilirudi nyumbani na ndoo tupu nikiinyoosha mbele yangu kama mtu mzima asiyelia. Bibi alitazama ndani ya ndoo. Akaniuliza nani. Nikamwambia. Akaingia ndani, na jioni ile sombe yetu iliungua kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Siku ya Mungu, baada ya misa, alivaa kitenge chake cha sikukuu, akalibeba beseni yeye mwenyewe mpaka katikati ya uwanja. Watu walikuwa wamejaa kwenye ua wa minyaa. Alichukua ndoo aliyoijaza kwa maji ya vile vyombo vya langoni, akamimina. Hakutumia kijiko. Alimimina mpaka kokoto zikazama na mchanga ukafurika juu ya kingo, mpaka yale maganda makavu yakang'oka na kuogelea. "Njo hii mulikuwa munataka," alisema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mvua haikuja siku ile, wala iliyofuata. Nilisikia mtu akipita njiani akisema mzee ametia maji kwa mkono, moyo bado umefunga. Halafu ikaja alasiri moja bila upepo, bila onyo, ikaangukia bati zote za Saio kwa pamoja. Watu walipiga vigelegele. Watoto walivua nguo wakakimbia barabarani, na kwa miaka tisa niliyokuwa nayo nilitamani kuwa kati yao kuliko kitu chochote. Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia hodi ya mgeni aliyekuwa akimwogopa.

Na mvua haikujua kuacha. Ilinyesha mpaka barabara zikawa mito na mteremko wa maharagwe ukaanza kushuka. Jiko la jirani liliegemea, likaanguka. Shamba lake, lile alilopanda kwa mbegu za kula, lilichukuliwa na maji likapelekwa bondeni na udongo wake mwekundu. Huko kwetu, mawe yalifanya kama bibi alivyosema. Yalivimba kwanza, yakang'aa, ukadhani yamefurahi. Kisha yakapasuka ngozi, yakawa kama uji wa kahawia, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichokuwa na damu. Bibi aliyakwangua kwa kijiko, moja moja, akayatupa shimoni nyuma ya nyumba. Nililia mimi. Yeye aliosha beseni, akalisugua kwa majivu likang'aa.

Jirani alikuja mvua ikiwa bado inanyesha, kitambaa kimemganda kichwani, kuku wake wa mwisho kwapani. Hakupita kwenye pengo la minyaa. Alizunguka akapita langoni, kama wageni, akapiga magoti kwenye matope mbele ya baraza. Nilikuwa sijawahi kumwona akimpigia bibi magoti.

"Mama," alisema, "punguza kidogo."

"Weye?" bibi alisema. "Hata weye?"

Alimwinua kwa mkono, akampa nguo kavu, akamwambia aondoke na kuku wake. Lakini kuku tulimkuta langoni, amefungwa miguu, na baada yake wakaja wengine, na vikapu vya viazi, na chupa ya mafuta ya mawese. Kanisani benchi letu lilibaki letu peke yetu. Sokoni wauzaji walimwachia bibi mahali pa kupita hata pasipokuwa na msongamano. Alizungumza na watu, nao walimjibu ndiyo mama, ndiyo mama, macho chini. Ulikuwa upweke wa ajabu, uliojaa adabu. Shefu wa mtaa alirudi, peke yake safari hii, akazunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe: vijana wa upande wa bondeni, waliopoteza mashamba, wanaongea vibaya. Afazali mama aende kidogo kwa kaka yake Djugu, mpaka mioyo itulie.

Aliondoka juu ya lori la viazi lililokuwa linarudi tupu. Mimi nilikuwa napelekwa Mongbwalu kwa wazazi. Vitu vyake vilikuwa vichache: godoro, pasi ya makaa, picha ya Bikira Maria iliyofungwa ndani ya kitenge. Mtaa ulisimama mbali ukitazama. Jirani peke yake alisogea mpaka kwenye gurudumu la lori. Alikuwa analia waziwazi, pua na macho, na nilidhani amekuja kuomba msamaha. Nilimchukia, nikataka bibi asimsamehe.

"Mama," aliuliza, "utatuachia mvula?"

Bibi, aliyekuwa amekataa mbele ya shefu, mbele ya wazee, mbele ya mtaa mzima, alimtazama rafiki yake yule. Niliona amefungua mdomo kusema lile lile, kwamba yeye ni mfuaji wa nguo, kwamba yalikuwa maua. Aliufunga. Jirani alikuwa ameshika ubao wa lori kwa mikono yote miwili.

"Minawaachia," bibi alisema.

Jirani aliachia ubao. Uso wake ulifunguka, akashukuru, akashukuru tena, akarudi nyuma huku akiwaambia wengine.

Bibi hakurudi Bunia. Aliishi Djugu miaka michache, akazikwa huko, na mama yangu anasema hakupanda tena chochote ndani ya chombo. Nilimkasirikia kwa jibu lile kwa muda mrefu, nikaona amewapa uongo wao na kuubariki. Sasa nina umri unaokaribia ule wake wa wakati ule, na naona alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki cha kumpa rafiki. Saio ninayoikumbuka haipo. Vita vilivyokuja baadaye viliwatawanya watu wake, ua wa minyaa ulikatwa, nyumba ilijengwa upya kwa saruji na watu nisiowajua. Ule ujirani wa kupitishiana kaa la moto katika kigae, mtu akikimbia nalo huku akilipuliza, sijauona tena mahali popote, nami nausikitikia kuliko mawe.

Wazee wachache waliobaki nakutana nao msibani. Wakiniuliza mimi ni wa nyumba gani, nawaambia: bibi yangu alikuwa yule mama aliyefua nguo za masera, aliyependa mimea. Wananisahihisha kwa upole, mbele ya watoto wao: yule mwenye mvua. Kisha mmoja anasimama kunipa kiti chake, na kabla sijakaa vizuri ananiinamia sikioni kuniuliza kama bibi, wakati wa kufa kwake, aliniachia mimi kitu chochote.